Mguu Ulioahidiwa Sauna

Helsinki, 6 Mei 1939

Bibi yangu Oksenja,

Nimefika, nimepata chumba, na mkate wako uliisha kabla treni haijaingia Viipuri, kwa hiyo usiulize kama nilikula.

Kozi ya uchuaji imeanza. Mwalimu wetu ni Bi Stenvall, mwembamba kama ufito lakini ana mikono ya mwashi. Siku za mwanzo hatukugusa mtu. Tulichua mito iliyojazwa mchanga, naye akipita nyuma yetu. "Huo ni mguu, Irja, si unga wa mkate." Ndipo tukaanza kulazana mezani wenyewe kwa wenyewe. Kwanza unapapasa kwa kiganja kizima kuelekea moyoni, daima kuelekea moyoni. Halafu unakanda, halafu unasugua kwa dole gumba, mwisho unapigapiga kwa upande wa mkono kama mtu anayekatakata vitunguu. Nilimwambia kwetu Bibi yangu huanza na mvuke wa sauna. Akasema, "Uwanjani hakuna mvuke. Kuna meza, na kuna mtu aliyechelewa."

Sasa habari yenyewe. Mwakani wanariadha wa dunia nzima wanakuja hapa kwa michezo ya Olimpiki. Wanatafutwa wachua misuli wa kujitolea, nami nimejiandikisha. Kiangazi hiki tutajifunzia kwenye mashindano ya nyumbani, na mwakani mikono hii itamshika Mmarekani, Mjapani, nani sijui. Malipo hakuna. Kuna chai na kitambaa cha kufunga mkononi ili tujulikane.

Mjini hakuna anayezungumza jingine. Niombee.

Mjukuu wako,
Irja


Lahnavaara, Suojärvi, 21 Mei 1939

Mjukuu wangu Irja,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa hiyo ukiona mwandiko huu umepinda usicheke. Aliyenifundisha ni wewe na kitabu chako cha darasa la kwanza. Shule mimi niliijua madirisha yake tu.

Huyo Bi Stenvall anafundisha watu kwa mto wa mchanga? Mchanga hauumwi. Mchanga hausemi "hapo hapo, usitoke". Mimi mama yangu alinipa mgongo wa babu, na babu alikuwa akiumia anapiga teke. Ndiyo shule yangu hiyo. Lakini kwamba mkono uelekee moyoni, hapo amesema kweli, mpe salamu. Mambo ya vitunguu mwambie ni ya jikoni.

Mjapani usimwogope. Nimechua padri na nimechua mwizi wa farasi, na mvuke ukishapanda wote wananuka sawa.

Huku barafu imetoka ziwani. Jirani yetu Miihkali ameanza tena kuniletea samaki na maneno. Samaki napokea. Jambo moja silipendi. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Warusi, wanakata miti tangu theluji iyeyuke. Nasikia mashoka nikiwa nakamua. Nilimwambia Miihkali, akasema, "Kuni hizo, Oksenja. Nao wana majiko."

Nikamwambia, "Mzee, kuni hazikatwi kwa mstari mnyoofu. Ile ni barabara."

"Barabara ni maendeleo."

"Barabara inayoishia ziwani ni maendeleo ya nani?"

Akaniambia samaki wataharibika.

Kula vizuri. Ukichua mtu na tumbo tupu mikono hutetemeka, naye hudhani unamwogopa.

Bibi yako,
Oksenja


Helsinki, 3 Julai 1939

Bibi,

Nimeharibu, na nakuandikia kabla hujasikia kwa mwingine.

Jana ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kujitolea. Walituweka chini ya majukwaa ya uwanja mpya, meza kwa meza, mashuka meupe, harufu ya kafuri inakata macho. Juu yetu watu wanakanyaga kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikaletewa mkimbiaji wa mita elfu kumi, Arvi Lehmus, kijana anayepakia meli bandarini Kotka. Akalala kifudifudi. "Dada, kisigino cha kushoto kinaniuma kama jino."

Nikapapasa. Kano ya kisigino imevimba, na shavu la mguu juu yake limekaza kama kamba iliyoshika nanga. Hapo nikasahau yote ya Bi Stenvall, nikakumbuka yako. Nikazamisha dole gumba mpaka chini kabisa, kama unavyofanya wewe sauna ikiwa imekolea, mpaka akang'ata shuka. Akainuka anacheka, anasema mguu umekuwa kama wa mtu mwingine.

Na kweli ukawa wa mtu mwingine. Hata nusu ya mbio haijafika, miguu ikalegea. Alimaliza nyuma ya watu wote isipokuwa mmoja aliyekuwa na homa. Bi Stenvall akanivuta kando. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Kabla ya mbio unauamsha mguu. Baada ya mbio unaulaza. Wewe umemlaza mtu usingizi, halafu ukampeleka mbioni."

Nikaenda kumwomba radhi nikijua nitatukanwa. Nilimkuta amekaa chini anavua viatu. "Dada, mikono hiyo umeitoa wapi?"

Nikasema, kwa bibi yangu, Suojärvi.

"Basi bibi yako asije akakutana na timu ya taifa." Halafu akasema tangu majira ya baridi hajapata kusahau kisigino hicho hata kidogo, ila pale mezani kwangu. Nilijisikia vibaya zaidi kuliko kama angenipiga. Nikamwahidi kwamba msimu ukiisha nitamleta kwako, alale kwenye sauna yako ya moshi, umtengeneze taratibu. Nimeahidi kabla ya kukuuliza. Usikasirike.

Mjukuu wako,
Irja


Lahnavaara, 19 Julai 1939

Irja wewe,

Umempa jogoo pombe alfajiri, halafu unashangaa hakuwika. Nimecheka peke yangu mpaka Miihkali akaja kuchungulia.

Lakini sikiliza. Mkono ule wangu ni wa mtu anayekwenda kulala. Hujapata kuniona nikimchua mtu anayekwenda kazini, kwa sababu kwetu watu huja Jumamosi kazi ikishaisha. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo, utalijuaje wewe. Huyo mwembamba analijua. Mfuate.

Kijana mlete. Kisigino cha namna hiyo hakitaki nguvu. Kinataka sauna iliyowashwa tangu asubuhi, moshi ukatoka wote, joto likabaki ndani ya mawe. Kinataka chuku kidogo, ile pembe ya kuvuta damu, na mchuaji asiye na haraka. Safari moja haitoshi, ila ataondoka akikanyaga vizuri kuliko alivyokuja. Ameoa? Nauliza tu.

Wiki iliyopita Sajini Kuikka, yule wa ulinzi wa mpaka, alipita nyumba kwa nyumba kutuambia tutoe mashua majini tuzifunge minyororo. Nikamwuliza, "Na samaki?"

Akasema, "Mama, samaki watasubiri."

Mimi nimezaliwa hapa na nitazikwa hapa, na sijapata kusikia mtu wa Suojärvi akisema samaki watasubiri, tena Julai. Nilimpa maziwa akanywa amesimama, macho yakiwa ng'ambo. Mashoka siku hizi yamenyamaza. Kumekuwa na ngurumo badala yake, za magari makubwa, jioni jioni. Bora mashoka. Shoka unajua linafanya nini.

Bibi yako,
Oksenja


Muolaa, katika shingo ya nchi, 16 Agosti 1939

Bibi,

Usishtuke kwa muhuri wa posta. Siko Helsinki. Vilabu vya michezo vimeombwa kujitolea kuja huku kuchimba, nami nimekuja na meza moja, taulo na chupa ya mafuta. Wanachimba mahandaki na kusimamisha mawe makubwa, safu kwa safu, ili magari ya vita yasipite. Wako walimu, makarani, wanafunzi, na wanariadha tele. Wakitoka handakini wanakuja hemani kwangu.

Mgongo wa mchimbaji si mguu wa mkimbiaji. Mkimbiaji hukaza pale anapoumia tu. Hawa wamekaza mwili mzima, mpaka shingo, mpaka taya. Nikichua mabega hayalegei. Bi Stenvall amekuja kutuona, nikamwambia nadhani nakosea mahali. Akaweka mkono wake kwenye mgongo mmoja, akakaa nao hapo, akasema, "Hukosei. Endelea tu."

Arvi yupo. Anasema anazoeza mikono kwa kuwa miguu nimeshamharibia. Lakini mwezi uliopita wanaume hawa wakilala mezani walikuwa wakisimulia mbio, nani alimpita nani kwenye kona. Sasa wanalala kimya. Jana mkubwa mmoja kutoka serikalini alikuja akatushukuru, akasema yote haya ni tahadhari tu. Alipoondoka Arvi akasema, "Tahadhari gani inayochubua watu viganja hivi?" Watu hawakucheka.

Bibi, nenda kwa mpwa wako Moarie, Joroinen, mbali na mpaka, ukapumzike kidogo mpaka mambo yajulikane. Chukulia kama matembezi.

Mjukuu wako,
Irja


Lahnavaara, 30 Agosti 1939

Irja,

Matembezi Agosti, viazi viko ardhini? Nani amekufundisha kudanganya vibaya hivyo.

Mimi sihamishwi na barua. Padri aliniambia nisiumike watu chuku siku za mfungo, nikaumika. Babu yako aliniambia nisiolewe naye maana hana kitu, nikaolewa. Rudi mjini kwenye meza zako. Hayo mahandaki yana wenyewe.

Bibi yako


Joroinen, 17 Oktoba 1939

Mjukuu wangu,

Umeona hapo juu palipoandikwa. Ndiyo, niko kwa Moarie. Usijisifu, si wewe uliyenitoa.

Sajini Kuikka alikuja nikiwa nachemsha maji ya kufulia. Akavua kofia, nikajua ni baya, maana yule hata kanisani huivua kwa shida. "Mama Oksenja, watu wa kando ya ziwa wanaondoka. Nawe uondoke."

"Ni amri?"

"Si amri. Ni kwa hiari."

"Hiari yangu ni kukaa."

"Basi nakuomba."

"Unaniomba kwa nini? Mimi ni nani kwako?"

Akageuza kofia mkononi, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Mama yangu yuko mbali. Wewe uko karibu."

Ningefanya nini mwanangu. Nikazima moto. Nikafunga ikoni, ile picha takatifu ya pembeni, ndani ya shali, nikamfunga ng'ombe nyuma ya mkokoteni wa Miihkali, tukaenda mpaka stesheni pamoja na kijiji kizima, watoto wanacheka wakidhani ni harusi. Mlango sikuufunga. Mlango uliofungwa huvunjwa.

Hapa si pabaya, na hilo ndilo baya lake. Moarie ni mwema. Mumewe Eemeli ni Mlutheri, ananitazama nikipiga ishara ya msalaba kana kwamba nafukuza nzi. Nyonga yake ni mbovu, namchua, anaguna, kesho yake anasema ni hali ya hewa ndiyo iliyomponya. Sauna yao ina bomba la moshi. Hiyo si sauna, ni jiko lenye benchi. Moto ukizima na joto linaaga.

Ninalokuandikia ni hili. Hapa kila mtu ana neno lake. Mmoja anasema wakubwa wako Moscow wanazungumza, itakwisha. Mwingine anasema hatutaziona nyumba zetu tena. Mimi siijui redio, magazeti nayasoma polepole mpaka habari inazeeka. Wewe uko mjini, karibu na wanaojua. Kwa hiyo nitakaa hapa mpaka uniambie. Ukisema kaa, nakaa. Ukisema rudi, narudi siku hiyo hiyo. Maisha yangu yote sijashika neno la mtu. Lako nitalishika.

Bibi yako,
Oksenja


Helsinki, 24 Oktoba 1939

Bibi,

Kaa. Kaa hapo hapo, umsikilize Eemeli na hali yake ya hewa. Nimesoma kwamba utashika neno langu, nimecheka machozi yakanitoka. Wewe, uliyemshinda padri.

Helsinki wengi wameondoka pia. Madirisha yamebandikwa karatasi, vituo vya tramu vimekuwa vitupu, shule zimefungwa. Kozi yetu inaendelea. Wametufundisha na kufunga majeraha, lakini ni sehemu ya kozi, usilitie maanani.

Arvi ameitwa kwenye mazoezi ya ziada. Ndivyo yalivyoandikwa, mazoezi ya ziada. Nilimsindikiza stesheni. Wamepewa mkanda, beji ya kofia na bunduki, nguo kila mtu ametoka nazo kwao. Yeye alivaa koti lake la bandarini na viatu vya kazi, na kisigino kile bado kimevimba. Nilikifunga vizuri kabla ya treni. Akaniuliza, "Sasa huu unauamsha au unaulaza?"

Nikasema, nauamsha kidogo tu.

"Basi vizuri. Huku nadhani hatutalala sana."

Kaa hapo, Bibi.

Irja


Joroinen, 5 Novemba 1939

Irja,

Nimekaa. Theluji imeanguka. Nikifumba macho najua imelala vipi kwenye paa la sauna yangu, upande wa ziwa imeteleza, upande wa kuni imebaki.

Nipe neno, lolote.

Bibi


Helsinki, 16 Novemba 1939

Bibi yangu,

Safari hii nina habari njema. Wakubwa wetu wamerudi kutoka Moscow. Hawakuelewana, lakini pia hakuna kilichotokea. Siku zinapita, kimya. Watu wanarejea mjini na masanduku yao na watoto. Karatasi za madirishani zinabanduliwa, maana zinazuia jua na jua lenyewe ni kidogo. Shule zinajiandaa kufunguliwa. Mwenye nyumba wangu amerudi na paka wake, anasema alipoteza mwezi mzima kwa mwanamke mmoja wa mji wa Vaasa asiyejua kupika kahawa. Hata Bi Stenvall jana ametutajia tena michezo ya mwakani, na vitambaa vyetu vya mkononi vimeshashonwa. Nimejaribu changu mbele ya kioo. Najua, utaniuliza nina umri gani.

Arvi ameandika. Wanachosha miguu tu, kutembea na kungoja, kutembea na kungoja. Kisigino kimekuwa kibaya sana, daktari wa kikosi amemwambia apate joto na mapumziko, akacheka, hemani atayapata wapi. Ameahidiwa likizo fupi mwanzoni mwa Desemba. Kikosi chake kiko upande wenu wenu, si mbali na Suojärvi. Anauliza kama ile sauna bado ipo au nilikuwa namtuliza tu.

Uliniuliza neno langu. Nimezungumza na kila ninayemjua, na wote wanasema hali imepoa. Nadhani imekwisha, Bibi. Ukitaka kurudi, rudi. Ungekuwa nyumbani, Jumamosi ya kwanza ya Desemba ningekuja na treni, tukakutana naye kwako, nami ningekaa pembeni nikatazama unavyofanya, kwa macho ya mtu aliyesomea. Lakini usiharakishe kwa ajili yetu, na njia ni ya theluji.

Mjukuu wako akupendaye,
Irja


Lahnavaara, 28 Novemba 1939

Mjukuu wangu Irja,

Niko kwangu.

Barua yako ilifika Joroinen Ijumaa, nikaisoma nimesimama, nikamwambia Moarie nakwenda. Akasema, "Shangazi, ngoja wiki moja, tuone." Nikamwambia mimi nilisema nitashika neno la mtoto, na mtoto ameshasema. Eemeli akaniambia nyonga yake itakufa. Nikamwambia iiombe radhi hali ya hewa. Ng'ombe nimemwacha, nitamfuata barabara ikiwa nzuri. Moarie alilia, sijui kwa nini, hata sikumchua vizuri kiasi hicho.

Stesheni ya huku tulishuka wachache. Miihkali amerudi tangu wiki iliyopita. Nimemkuta dirishani kwake anapuliza chai. Nyumba ilikuwa imeganda, maji ndani ya ndoo ni jiwe, lakini hakuna aliyeingia. Nimewasha jiko. Ikoni nimeirudisha kwenye kona yake. Sauna nimeifagia, mabenchi nimeyasugua, vicha vya matawi ya mti wa betula, vya kujichapia mgongoni, vinaning'inia darini kavu kama nilivyoviacha. Kuni nimechagua zile za mti wa alda, moshi wake hauwashi macho. Ijumaa nitavunja barafu nichote maji. Jumamosi alfajiri nawasha, mkifika mchana itakuwa imetulia. Mwambie kijana asile kabla ya kuingia, na asiwe na haya. Nimeona zaidi.

Nilikutana na Sajini Kuikka njiani, amekonda. Nikadhani atafurahi. Akasema, "Mama Oksenja, umefuata nini huku?"

"Nimerudi kwangu. Mjukuu wangu yuko Helsinki, ameniambia imekwisha."

"Helsinki wameambiwa na nani?"

"Wewe unajua zaidi?"

Akaniuliza kama nina usafiri, nikamwambia nina miguu. Akasema basi la posta litapita Alhamisi, akaniomba nipande. Nikamwambia mwanangu, mara ya kwanza ulinishinda kwa mama yako. Mara ya pili hunishindi. Njoo Jumapili, moto utakuwepo bado, nikuchue mabega hayo kabla hayajafika masikioni. Akacheka kidogo, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Huyo si mtu wa kushika watu mikono.

Kijiji kimya. Ng'ambo nako kimya, na hilo nakuandikia kwa sababu sijui niliweke wapi. Kiangazi chote walikuwa wanapiga mashoka, halafu magari. Sasa hakuna kitu. Hata mbwa habweki, nao walikuwa na mbwa. Leo asubuhi nilisimama ukingoni kwa muda nikisikiliza, kama ninavyoweka kiganja juu ya shavu la mguu nikingoja lipumue. Halikupumua. Miihkali anasema wameondoka, ndiyo maana. Pengine. Yeye ndiye aliyesema zile zilikuwa kuni.

Lakini wewe umesema, na wewe umesoma. Barua hii nampa dereva wa malori ya mbao anayekwenda mjini, ataitia posta, utaipata kabla hujapanda treni. Lete kahawa, na uje na viatu vya theluji, usije na vile vyembamba vya mjini.

Bibi yako anayekungoja,
Oksenja


Helsinki, 1 Desemba 1939

Kwa Bibi Oksenja, kwa Moarie na Eemeli, Joroinen

Bibi yangu,

Mimi ni mzima. Hilo lijue kwanza.

Jana asubuhi ndege zilikuja. Hatukuwa tumeambiwa kitu. Nilikuwa barabarani, mkononi nimeshika mfuko wa kahawa, nilitaka kukupelekea zawadi tukijaliwa kuonana Krismasi. Kwanza watu waliinua nyuso kutazama. Sitakuandikia mengine. Tuliokuwa kozini tulipelekwa hospitali mchana huo huo, na meza niliyopewa ni kama zile za uwanjani, shuka jeupe, harufu ya kafuri. Aliyelazwa mbele yangu wa kwanza alikuwa mama mmoja na viatu vyake vya nyumbani. Nilitaka kumshika mguu nimtulize, maana ndilo ninalolijua, Bi Stenvall akanishika kifundo cha mkono akasema, "Usimchue. Funga tu." Nikafunga. Mikono ilitetemeka, na nilikuwa nimekula.

Likizo ya Arvi imefutwa. Alinipigia simu juzi kutoka stesheni fulani, sauti inakatika. Alisema, "Mwambie bibi yako nitachelewa." Tangu hapo sijui.

Redio imetaja Suojärvi kwa jina. Wamevuka mpaka jana alfajiri, kando yote ya ziwa, kwa barabara ambazo wetu hawakujua zipo. Wanasema kuna vijiji ambavyo watu hawakuwahi kutoka. Nimesikia hivyo nikiwa nimesimama, halafu nikakukumbuka wewe uko kwa Moarie, nikakaa chini nikacheka, watu wakadhani nimepata wazimu. Mara hii namshukuru Mungu kwa kichwa chako kigumu. Niliandika urudi, na hukunijibu, nikajua umeisoma ukatikisa kichwa ukaendelea na nyonga ya Eemeli. Ningekuwa na bibi msikivu leo ningefanya nini?

Usitoke hapo. Atakayekuambia toka, awe sajini, awe padri, awe mimi mwenyewe, usitoke.

Nimeipeleka barua hii posta mwenyewe. Karani alikuwa anawarudishia watu barua zao, moja baada ya nyingine, anasema za Suojärvi hazipokelewi tena. Ilipofika zamu yangu akasoma anwani, akasema, "Joroinen, hii inakwenda," akaipiga muhuri. Mwanamke nyuma yangu alinitazama kwa wivu.

Nijibu upesi, Bibi. Hata mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Irja